Kabati Lililoliwa na Chumvi

Mke wangu aliporudi kutoka hospitali ya mjini bila mtoto, alipanda kitandani na viatu vyake, akageukia ukuta, akakaa hivyo. Mama yangu alimletea uji, akanywa kidogo kwa heshima tu. Jioni akamletea mchuzi wa ingokho, kuku yule yule aliyekuwa akinoneshwa kwa ajili ya siku ambayo mtoto angeingia nyumbani. Mke wangu alipousikia ule mchuzi unavyonukia aliomba radhi, akajifunika shuka hadi kichwani. Mama akatoka na bakuli. Nilimkuta amesimama nyuma ya jiko, mchuzi umepoa mikononi mwake, hajui aupeleke wapi.

Mtoto alikuwa wa kike. Aliishi muda wa kufumbua macho na kumshika mama yake kidole, basi. Tulimzika kando ya migomba, karibu na nyumba, na baba yangu akaweka jiwe pale ili ng'ombe wasikanyage.

Wakati huo nilikuwa seremala katika karakana ya kiwanda cha sukari. Tulitengeneza milango, meza na makabati ya nyumba za wafanyakazi wakubwa. Ilikuwa miaka ile sukari ilikuwa sukari kweli. Kuanzia Mumias hadi kwetu Matungu, kila aliyekuwa na kipande cha ardhi alikipanda miwa. Mahindi yalisukumwa hadi kando ya njia, na viazi vitamu vikabaki kwenye matuta ya wajane. Matrekta yalivuta trela kutwa kucha, na watoto walikimbia nyuma wakichomoa miwa. Malipo yalipotoka, watu walishuka Kakamega mjini kununua sofaseti. Ungeingia katika nyumba ya udongo ukute kabati la vioo limepakwa vanishi linang'aa mpaka unauona uso wako. Vanishi ndiyo ilikuwa heshima. Mgeni alipoingia, kwanza aliketi, kisha akapitisha kiganja kwenye mkono wa kiti, na mwenye nyumba akamwangalia akifanya hivyo.

Baba alikuwa kati ya waliotangulia kupanda. Kwa malipo ya mavuno yake ya kwanza alimnunulia mama kabati la mvule, refu, lenye milango miwili na droo chini. Mama alilipenda kabati lile kuliko kitu chochote alichowahi kumiliki. Hata hivyo nilipooa, alilitoa. Aliwaita vijana walibebe kutoka kwake hadi nyumbani kwangu, yeye akitembea nyuma akiwakemea wasiligonge, akamwambia mke wangu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hii ni yako sasa. Mimi nilikuwanga naiweka tu."

Mke wangu alitoka Pwani. Nilikuwa nimepelekwa kule kwa mafunzo ya useremala, nikapanga chumba kwa baba yake, mtu mkimya wa kanisani ambaye nyumba yake ilikuwa karibu sana na ufuo hata upepo ulikuwa ukila misumari ya mabati. Binti yake alikicheka Kiswahili changu. Alipenda kunifanya niseme "lori" ili aone ulimi wangu utaangukia wapi. Nilipomwoa na kumleta kwetu, watu walisema hatamaliza mwaka. Alimaliza. Alijifunza kusonga obusuma, ugali wa kwetu, mpaka mwiko ukasimama, alijifunza kusalimia wazee kwa lugha yetu, na alipopata mimba alinenepa, akacheka, akaimba akifua nguo. Sasa alikuwa akiangalia ukuta.

Akina mama wa kanisa walikuja wakaomba. Daktari alisema mwili umepona, tumpe muda. Lakini mimi niliyekuwa naishi naye nilimwona akipungua. Pete ilianza kuzunguka kidoleni. Nilikwenda kazini nikiogopa, na nikirudi nilikuwa naharakisha baiskeli kwenye njia ya miwa kama mtu anayekimbizwa, kisha nikifika mlangoni naogopa kuingia.

Siku moja mchana, nikiwa nimerudi kula, alisema bila kugeuka, "Hapa hakuna mbali."

Nilishtuka kwa kuisikia sauti yake. "Hakuna nini?"

"Mbali. Mtu hana pa kuangalia mbali. Ukifungua dirisha ni majani. Ukitoka mlangoni ni majani. Nilipokuwa na mtoto tumboni sikuyaona. Sasa nayaona."

Niliangalia dirishani. Nilikuwa nimezaliwa katika boma lile na sikuwahi kuliangalia hivyo. Baba alikuwa amepanda miwa hadi hatua chache kutoka ukutani, na sasa ilikuwa imetupita kimo. Upepo ulipovuma majani yalisugua dirisha. Mwanga ulioingia chumbani ulikuwa wa kijani, kama wa ndani ya chupa.

Nilimwendea baba jioni hiyo, alikuwa akinoa panga.

"Baba, nakuomba kitu. Tukate ile miwa iliyo mbele ya dirisha langu. Kipande tu."

"Kwa nini?"

"Mke wangu anaumwa. Anasema inamziba pumzi."

Baba aliendelea kunoa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekulia katika njaa, na miwa ndiyo iliyomtoa huko. "Muwa ule haujafika hata nusu ya umri wake," alisema. "Na si wangu. Nimetia sahihi na kiwanda. Mtu wa mashamba akija akute pengo, nitamwambia nini? Kwamba mke wa mtoto wangu alitaka kuangalia nje?"

"Baba, atakufa."

"Wanawake wote hapa wamezika," alisema. "Mama yako amezika. Hakuomba mtu akate miwa."

Nikaondoka. Nilikuwa na hasira iliyonifanya nisione njia, na chini ya hasira hiyo nilikuwa sina la kufanya kabisa. Mbali sikuwa na uwezo wa kumletea. Nauli ya kumpeleka Pwani na kukaa naye huko ningeipata, lakini daktari alikuwa amekataza safari ndefu kwa wakati huo, na kusema kweli niliogopa kwamba nikimpeleka hatarudi. Ndipo nikakumbuka vyombo vya nyumbani kwa baba yake.

Kule kwao hapakuwa na kitu kinachong'aa. Meza, viti, kabati la bibi yake, vyote vilikuwa vimepaushwa na upepo wa bahari. Rangi nyeupe ilikuwa imebanduka pembeni, chini yake bluu inachungulia, na chini ya bluu mbao ya kijivu iliyolainika kama mfupa. Nilipokuwa mpangaji pale niliwahi kumwambia mke wangu, kabla sijamwoa, kwamba ningeweza kumkwangulia kabati lile na kulipaka upya. Alikuwa amecheka sana. "Ukiligusa bibi atakufukuza. Ndilo linalomjulisha kwamba yuko kwake."

Mimi ni seremala. Nikajiambia, kama siwezi kumpa anachokitaka, angalau nitampa kitu cha kwao akiangalie. Haikuwa akili ya mtu aliyetulia. Lakini ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Nililitoa kabati la mvule nje, chini ya ukingo wa paa, nikavunja kioo cha zamani na kuanza kukwangua vanishi kwa kigae chake. Vanishi ilitoka kwa nyuzi za rangi ya asali. Jirani mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli alisimama akatazama. "Fundi, mchwa wameingia?" Nikamwambia hapana. Akatazama tena, akatikisa kichwa, akaenda zake. Baadaye walikuja wengine. Katika kijiji ambacho kila mtu alikuwa akitafuta kung'arisha, mimi nilikuwa nikifutilia mbali mng'aro.

Kisha mama akaja. Alikuwa ametoka kuteka maji. Alitua mtungi polepole, akasogea, akaweka kiganja pale nilipokuwa nimeshakwangua.

"Mwanangu," alisema, "kabati hili limekukosea nini?"

Nilijaribu kumweleza habari ya Pwani, upepo, chumvi, kabati la bibi. Maneno yangu mwenyewe yalinisikitisha.

"Kwa hiyo unalifanya liwe la zamani."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimekaa na vitu vya zamani maisha yangu yote. Hiki peke yake kilikuwa kipya." Akajitwika mtungi, akaondoka. Kwa muda hakuja tena nyumbani kwangu. Chakula cha mke wangu alikituma kwa dada yangu.

Niliendelea. Nilisugua kwa msasa mkali kisha mwembamba, nikapitisha brashi ya waya ili mistari ya mbao itokeze. Nikapaka rangi nyeupe, mara ya kwanza na mara ya pili, kwa mkono wangu mzuri wa karakana, bila tone kuteleza. Nilikusudia ikikauka niikwangue pembeni kama nilivyokumbuka. Jumamosi mchana ilikuwa imekauka. Nikamwita mdogo wangu tukaliingiza chumbani, tukalisimamisha mbele ya kitanda. Niliona nimwonyeshe kwanza, kisha nimalizie mbele yake.

"Geuka," nilimwambia. "Nimekutengenezea kitu."

Aligeuka. Aliliangalia kabati lile jeupe, refu, limesimama kando ya kitanda chake, na nikauona uso wake ukivunjika. Kando ya kitanda chake hospitalini palikuwa na kabati jeupe. Ndani yake ndimo walimoweka nguo za mtoto alizokuwa amezileta kutoka nyumbani, na ndimo alimozitoa siku ya kuondoka zikiwa hazijavaliwa. Mimi nilikuwa nimeliona kabati lile kila siku nilipokwenda kumtazama, na sikuwa nimelikumbuka hata kidogo.

Alipiga kelele ambayo sijaisikia tena kwa mtu. Akaruka kutoka kitandani, akanipita, akapita mlangoni peku, akaingia kwenye miwa.

Nikamfuata. Aliyewahi kuingia katika miwa iliyopita kimo cha mtu anajua. Hatua chache tu na nyumba imepotea. Majani yanakata kama nyembe, unasikia mtu anapita lakini hujui upande. Nilimwita. Nilisimama nikasikiliza, nikakimbilia nilikodhani ameelekea, nikakuta mtaro mtupu. Niliita mpaka sauti ikakauka. Halafu nikasikia harufu ya moshi.

Niliinua kichwa, nikaona juu ya miwa, upande wa barabara, moshi mzito unapanda. Baadaye nilijua walikuwa wakichoma majani makavu katika shamba lililokwisha kuvunwa, mbali nasi, watu wakisimamia. Lakini mle ndani sikujua. Sote tulikuwa tumesikia habari za moto unaoruka kutoka shamba hadi shamba. Nilianza kukimbia bila mpango, nikitawanya miwa kwa mikono, nikilia kama mtoto, nikimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilimuuliza anamtaka nani mwingine, nilimwambia ameshachukua mmoja anatosha. Nilianguka mtaroni nikainuka na tope mdomoni.

Nilimkuta ameketi mahali ambapo mistari miwili ya miwa ilikutana na mfereji wa maji. Mikono na mashavu yake yalikuwa yamechanjwa chanjwa, damu nyembamba zikiteremka. Hakuwa akilia. Nilijitupa chini kando yake.

"Nilikuwa natafuta mahali inapoishia," alisema. "Nikifika mwisho wa hii naikuta nyingine."

"Nisamehe," nilimwambia. "Nilitaka kukutengenezea lile la bibi yako."

Akanitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliniangalia usoni tangu hospitali. Aliona rangi nyeupe kwenye nywele zangu na kucha zangu.

"La bibi?" aliuliza. "Lile ndilo ulitaka liwe la bibi?"

"Ndiyo."

Kisha akasema, kwa ule upole wa kwao uliokuwa ukinifanya nijione mshamba, "Bwana we. Bahari haipaki rangi. Inatoa."

Tulirudi nyumbani tumeshikana, tukipotea mara mbili. Mama alikuwa uani na majirani wameanza kukusanyika. Alipomwona mke wangu na yale majeraha, aliwafukuza watu wote kwa mikono yote miwili kama kuku, akaenda kuchemsha maji, akamwosha yeye mwenyewe, uso, mikono, miguu, akimsemesha kwa lugha yetu, ile ambayo mke wangu alikuwa anaelewa nusu tu.

Siku iliyofuata baada ya kanisa, mke wangu aliamka akatoka nje. Nilikuwa nimelirudisha kabati chini ya paa, nimelifunika gunia nisilione. Akalifunua.

"Nyeupe haiji kwanza," alisema. "Kwanza palikuwa na bluu. Babu aliipaka. Halafu baba akapaka nyeupe juu, maana bluu ilikwisha dukani. Toa hii yote."

Niliitoa yote. Sikuenda kazini siku mbili, msimamizi wangu akatuma mtu kuniulizia, nikasema naumwa, na haukuwa uongo. Tulipaka bluu. Rangi ikiwa bado mbichi akasema panatakiwa chumvi, si ya unga, ya mawe, irushwe itoboe rangi. Chumvi ya mawe tuliyokuwa nayo ilikuwa ya ng'ombe wa baba, bonge kubwa la kulambwa lililokaa zizini. Nilienda kuvunja kipande, na mama akanikuta nacho mkononi.

"Sasa na ng'ombe nao wamekukosea?" aliuliza.

"Ni yeye ameomba, mama."

"Yeye ameomba?" Alinipokonya bonge lile. "Ameomba kwa mdomo wake?" Akaenda kwenye kinu, akaanza kuitwanga chumvi ya ng'ombe kwa nguvu. Alituletea ikiwa kwenye ungo. Mke wangu alichota akarusha juu ya ile bluu kama mtu anayelisha vifaranga. Chembe zilizama, na zilipokauka tukazipangusa, zikaacha vishimo vidogo vidogo, kama ngozi ya mtu aliyewahi kuugua ndui. Niliona mara moja kwamba ndivyo ilivyokuwa kule kwao. Kwa ufundi wangu wote nisingekipata kitu kile.

Kisha akaniomba mshumaa. Akaeleza kwamba rangi haiondoki popote popote. Inaondoka pale upepo unapogonga na pale mikono inaposhika. Alipitisha mshumaa kwenye pembe, kwenye kingo za milango, kuzunguka vishikio, ili nyeupe isishike hapo. Tukapaka nyeupe iliyochanganywa maji na majivu ya jikoni kidogo isiwe ya kung'aa, na ilipokauka tukasugua kwa msasa. Kila penye nta rangi ilibanduka, bluu ikachungulia, na mahali pengine mbao yenyewe. Nilikuwa nikimtazama kwa kuibia. Alikuwa anatoka jasho. Alikuwa amekula ugali asubuhi.

Alipofika droo ya chini alipiga magoti. Akaanza kusugua ukingo wake wa juu, katikati, akasugua sana kuliko kwingine kote.

"Hapo umezidisha," nilimwambia. "Hakuna mtu hushika hapo."

"Hapa hushika watoto," alisema. "Wakianza kusimama. La bibi hapa ilikuwa mbao tupu. Sote tulisimamia hapa."

Mkono wake uliendelea kusugua. Kisha ukasimama. Akaweka paji la uso kwenye droo, na kilio kilichokuwa kimegoma kutoka tangu hospitali kikatoka. Nilipiga magoti nikamshika kwa nyuma. Mama alikuwa ameketi kizingitini akichambua maharagwe. Hakuja. Aliendelea kuchambua, machozi yanamtiririka, hakuyafuta.

Tulimaliza kabati, tukafanya meza ndogo, tukafanya kitanda na viti viwili. Chumba kikawa kama kimechukuliwa mahali pengine na kuletwa pale. Watu walikuja kuona. Mama mmoja wa kanisa alipitisha kiganja kwenye meza, akakitazama kiganja, akasema kwa huruma ya kweli, "Poleni. Miwa itavunwa, mtanunua vingine." Mke wangu akatabasamu, na mimi nikaanza kuamini kwamba tumevuka.

Kwa hiyo sikuwa tayari siku aliponiambia, akiwa anakunja nguo, "Sasa naweza kusafiri. Nipeleke kwetu."

"Kwa muda gani?"

"Sijui."

"Lakini tumetengeneza hivi vyote. Nilidhani..." Nilidhani nini? Kwamba mtu ataishi kwa kuangalia kabati.

"Umenitengenezea vizuri," alisema. "Vinanikumbusha mpaka siwezi kukaa."

Nilikwenda kwa mama nikitumaini atamkataza. Nilimwambia kila kitu. Yeye akaniuliza, "Unajua nilizika wangapi kabla yako?"

Nilijua kwamba palikuwa na wengine. Sikuwahi kuuliza.

"Mimi sikupelekwanga popote," alisema. "Nililima palepale. Mwache aende."

Nilimsindikiza hadi Kakamega mjini kupanda basi. Hakuahidi chochote, nami sikuthubutu kuomba ahadi. Niliporudi, chumba kile kilinishinda. Kila nilipogeuka palikuwa na rangi ile iliyobanduka, iliyokwanguliwa na mikono yake. Nilianza kulala karakanani juu ya maranda ya mbao, nikimdanganya mlinzi kwamba nina kazi ya haraka. Wiki zilipita. Hakukuwa na simu wala mtu aliyetoka kule. Nilikonda mpaka wenzangu wakaanza kunong'ona kunihusu. Ijumaa moja nilisimama kwenye msumeno wa mashine nikiwa sijui nakata nini, na mzee mmoja akauzima, akanishika bega, akanitoa nje nipate hewa.

Jumamosi ya baada ya hapo nilikwenda nyumbani kuchukua nguo. Kutoka njiani nikasikia panga. Si panga la wakataji, lile lenye mdundo mmoja. Hili lilikuwa la mtu anayechoka na kupumzika. Nilizunguka nyumba yangu nikamkuta mama, kanga imefungwa kiunoni, anakata miwa michanga mbele ya dirisha langu. Alikuwa ameshafungua kutoka ukutani hadi karibu na njia ya jirani. Miwa ilikuwa imelala chini kila upande, mibichi, isiyofaa kitu.

"Mama! Baba atasema nini?"

"Ameshasema," alijibu, akakata mwingine. "Asubuhi yote anasema. Chukua panga lile lingine."

Nilichukua panga. Baba alikuja akasimama ukingoni. Aliongea mpaka akakosa maneno: kiwanda, sahihi, aibu, mtu wa mashamba, mwanamke aliyerukwa na akili uzeeni. Mama aliendelea kukata. Mwishowe alisimama wima akamwambia kitu kimoja tu, "Kabati lilikuwa langu nikalitoa. Na kipande hiki nimekitoa." Baba akaenda akaketi barabarani kama mgeni. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakula chakula alichopika mama. Alipikiwa na dada yangu.

Nikaomba likizo, nikaenda Pwani.

Nilimkuta mke wangu jikoni kwa baba yake akimenya muhogo. Alikuwa amenawiri, na hilo liliniumiza na kunifurahisha kwa pamoja. Aliniandalia maji ya kuoga, akanipa chakula. Tulipobaki wawili akaniambia, "Usiniombe nirudi ndani ya miwa. Nakupenda, lakini siwezi."

"Mbele ya dirisha hakuna miwa."

"Imevunwa?"

"Mama ameikata."

Aliacha kisu. "Mama? Na baba amekubali?"

"Hajakubali. Hawasemezani."

Alikusanya maganda ya muhogo mapajani. "Kwa ajili yangu," alisema. Haikuwa swali. Hakusema atarudi. Alisema atakuja kuona.

Tulifika Matungu alasiri, mawingu ya mvua yamejikusanya upande wa msitu wa Kakamega. Mama alikuwa peke yake kwenye kile kipande, anang'oa mashina ya miwa kwa jembe, maana yakiachwa huchipua upya. Mke wangu aliweka mzigo wake chini palepale njiani. Aliangalia. Haikuwa mbali sana. Ungeona paa la jirani, kisha njia, kisha bonde dogo, na ng'ambo yake watu wawili wanapandisha ng'ombe. Alisimama akawatazama mpaka walipopotea juu ya kilima.

Kisha akavua viatu, akamwendea mama. Hawakukumbatiana. Mama alimpa mkono, wakasalimiana kwa lugha yetu, salamu ndefu yote, mpaka habari za ng'ombe wa kwao ambao hawakuwapo.

"Mama, kuna jembe lingine?" mke wangu akauliza.

"Liko. Lakini umechoka na safari."

"Sijachoka."

Kutoka barabarani baba alianza kupiga kelele kwamba Jumatatu mtu wa kiwanda atakuja na atamwonyesha kila kitu, kila shina. Hakuna aliyeinua kichwa. Nilivua shati nikaanza kusomba mashina na kuyarundika kando, na tone la kwanza la mvua lilipoanguka mama alituambia tuharakishe, ardhi ikilowa tope litaganda kwenye majembe.